Anzia getini: kwa daktari kijana anayetaka kurekebisha mfumo

Kila mwaka utarajali unapoisha, simu yangu huanza kujaa ujumbe. "Shikamoo dokta. Nimechoka kushona vidonda vya bodaboda usiku kucha, halafu kesho yake wanaletwa wengine kutoka palepale. Nataka nihamie afya ya jamii, nikarekebishe mfumo. Nianzie wapi?" Mwingine anauliza chuo, mwingine anauliza shirika gani linaajiri, mwingine anataka tu mtu amwambie kwamba kuchoka si dhambi. Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja, usiku, kwa sentensi mbili tatu, na kila mara nabaki na deni. Leo nalilipa.

Mimi ni daktari bingwa wa tiba ya dharura. Siku nne za wiki yangu huishia kwenye takwimu, vikao na ziara za usimamizi katika vituo vya afya na hospitali. Siku ya tano naingia zamu na kuvaa glavu kama zamani. Njia iliyonifikisha hapa ilipinda sana, ila mwanzo wake naujua mpaka saa na dakika. Ndiyo maana jibu langu kwa wote ni moja: usianzie chuoni wala wizarani. Anzia getini, pale mgonjwa anaposhuka kwenye bajaji.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza baada ya utarajali, katika hospitali moja ya mkoani ambayo sitaitaja. Saa nne na robo asubuhi mama mmoja aliingizwa chumbani kwangu na watu wawili waliomshika mikono. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miaka mitatu hivi, amembeba kwa khanga. Mkononi alikuwa na karatasi mbili, kadi mpya na stakabadhi, na alinipa karatasi kwanza. Alikuwa amefundishwa na foleni kwamba bila karatasi hatasikilizwa. Nilipoifungua khanga, mtoto alikuwa amelegea, macho yamegeukia juu, meno yameumana.

Nikaomba mashine ya kupima sukari. Ilikuwepo. Stripu zake, vile vipande vya kuwekea tone la damu, zilikuwa kabatini, kabati limefungwa, ufunguo anao muuguzi kiongozi, na muuguzi kiongozi yuko kwenye kikao. Alipopatikana, mashine haikutoa hata namba, iliandika "Lo", maana yake sukari iko chini kuliko inavyoweza kuhesabu. Malaria kali kwa mtoto mdogo hufanya hivyo. Mtoto wa kilo 12 anahitaji mililita 60 za glukosi ya asilimia 10: unavuta mililita 12 za ile ya asilimia 50, unaongeza 48 za maji ya sindano, unampa taratibu kwenye mshipa. Ni kazi ya dakika moja. Leo ningempa bila kusubiri mashine, kwa sababu mtoto mwenye degedege au aliyepoteza fahamu hasubirishwi stripu. Wakati ule sikuthubutu. Tulimpa, lakini tulimpa kwa kuchelewa. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Mama yake hakupiga kelele. Alisema, "Dokta, mbona nilifika mapema?"

Niliitazama ile stakabadhi. Ilikuwa imechapwa saa mbili na dakika arobaini na moja. Alikuwa amelipia kadi, akaambiwa asubiri faili, faili likapelekwa dirisha lingine, akakaa kwenye benchi pamoja na watu wenye mafua na watu waliokuja kubadilishiwa dawa za shinikizo la damu. Na sera ya afya ya Tanzania ilikwishasema siku nyingi kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano hachangii gharama katika vituo vya umma. Sera ilikuwepo, lakini haikuwahi kufika kwenye lile dirisha.

Nilitoka nikamfokea karani wa mapokezi mbele ya watu. Alilia. Siku iliyofuata foleni ilikuwa vilevile, madirisha vilevile, kabati limefungwa vilevile. Mama mmoja muuguzi, aliyebakiza miaka michache astaafu, alinivuta pembeni jioni. "Mwanangu dokta, yule binti umemwonea. Lile dirisha tumelijenga sisi sote, na kila siku tunapita mbele yake." Nilimwomba karani msamaha, na maneno ya yule mama sijayasahau. Katika siku ile hakuna aliyevunja kanuni aliyopewa. Mlinzi alifungua geti, karani alitoa kadi, muuguzi aliita kwa zamu, mwenye ufunguo alikwenda kwenye kikao alichoitwa. Kila mmoja alifanya kazi yake na mtoto akafa katikati yao.

Basi, ukiwa na hamu ya kurekebisha mfumo, fanya kitu kimoja kabla ya kujaza fomu yoyote ya chuo. Siku yako ya mapumziko, vua koti jeupe, chukua daftari na saa, ukakae kwenye benchi la mapokezi ya hospitali yako mwenyewe. Chagua mgonjwa mmoja, umwombe ruhusa, umfuate kwa miguu tangu anaposhuka mpaka anapopata tiba ya kwanza. Andika kila anaposimama, amesimama kwa dakika ngapi, anamsubiri nani. Usiwaulize viongozi mgonjwa anapitia wapi, kwa sababu watakueleza mgonjwa anavyotakiwa kupita. Mimi nilimfuata mzee mmoja aliyebanwa na kifua, akipumua kama aliyetoka kukimbia. Alipita vituo saba kabla hajawekewa oksijeni, na viwili kati ya hivyo vilikuwa kumrudisha alikotoka kwa sababu jina lake lilikosewa herufi.

Kwenye benchi lile niligundua jambo ambalo shuleni hakuna aliyenidokeza. Mtu wa kwanza kumwona kila mgonjwa hospitalini ni mlinzi. Siku ya tatu ya kukaa kwangu, mzee wa getini alikuja akakaa karibu nami wakati wa chai. Nikamuuliza kama anaweza kumtambua mgonjwa aliyezidiwa. "Huwa nawajua, dokta. Nimekaa geti hili miaka kumi na moja. Huyu atafika, huyu hafiki. Ila si kazi yangu kusema."

Nilikwenda kwa Mganga Mfawidhi na daftari lile. Sikuomba fedha wala gari. Nilimsomea kurasa mbili tu, ya mzee wa kifua na ya mama mwenye khanga. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nipe mambo matatu yanayowezekana wiki hii." Hapo ndipo nilipojifunza faida ya kuhesabu kabla ya kulalamika. Kiongozi anayesikia manung'uniko kutwa nzima huwa amejenga ukuta, lakini dakika na mahali zinapenya.

La kwanza lilikuwa kengele. Tulinunua kengele ya kawaida dukani, tukaifunga kwenye kibanda cha mlinzi, na walinzi wote wa zamu tatu wakafundishwa mambo manne: anayepumua kwa shida, asiyejibu akiitwa au anayetetemeka kwa degedege, anayevuja damu nyingi, na mjamzito asiyeweza kutembea. Ukiona mojawapo, piga kengele, muuguzi anatoka na kitanda cha magurudumu, kadi itafuata baadaye. La pili lilikuwa trei. Tulichagua trei moja, tukaweka mashine ya sukari na stripu zake, glukosi, kanula za kupitishia dawa kwenye mshipa, mabomba ya sindano, diazepamu ya kutuliza degedege, mfuko wa kupulizia hewa wa mtoto na wa mtu mzima. Ikakaa wazi ndani ya chumba cha dharura, isipokuwa diazepamu iliyowekwa kwenye kisanduku chenye ufunguo unaoning'inia shingoni mwa muuguzi wa zamu. Anayekabidhi zamu na anayepokea wanaihesabu pamoja. La tatu lilikuwa karatasi ukutani kwenye dirisha la malipo, imeandikwa kwa kalamu nene: mtoto chini ya miaka mitano, uliza umri kwanza.

Katika korido ya hospitali ile, kama katika hospitali nyingi nchini, palikuwa na bango la S tano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Utaratibu huo wa kupanga mahali pa kazi uliletwa kwa ushirikiano na Wajapani, na hospitali ya rufaa ya Mbeya ilikuwa ya kwanza kuujaribu mwaka 2007. Wengi wetu tulilipita bango lile kama tunavyopita kalenda ya mwaka jana. Nakuomba usilidharau. Tulipoanza kusasambua toroli la dharura tulikuta dawa zilizokwisha muda, taa ya kutazamia koo isiyo na betri, na mirija ya watu wazima imechanganywa na ya watoto wachanga. Mtu anayetafuta mrija wa mtoto huku mtoto amebadilika rangi anajua kwa nini kila kitu kinapaswa kuwa na mahali pake. Ila nikwambie ukweli, S nne za mwanzo ni kazi ya Jumamosi moja. Ya tano, Shikilia, ndiyo inayokula miaka ya maisha yako.

Na hapo nina kosa la kukusimulia, maana wengi watalirudia. Mafanikio yale ya mwanzo yalinipa kiburi. Nilitengeneza fomu ya triaji, yaani ya kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao, yenye kurasa mbili, nzuri, yenye rangi, yenye kila kipimo. Baada ya mwezi nilikusanya fomu mia kadhaa nikijiandaa kuandika ripoti. Nikazisoma. Mapigo ya moyo 80. Upumuaji 20. Mapigo 80, upumuaji 20. Mapigo 80. Mzee wa pumu, kijana wa ajali, mtoto mchanga, wote wana 80 na 20. Wauguzi wawili wanaohudumia watu zaidi ya mia kwa siku walikuwa wanazijaza mwisho wa zamu, kwa mkupuo, kwa sababu mimi nilizitaka. Fomu ile ilikuwa inanihudumia mimi. Haikumsaidia muuguzi kuamua lolote juu ya mgonjwa aliye mbele yake, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuijaza kwa ukweli. Tuliitupa. Tukakaa na wauguzi, wao wakaandika yao: mstari mmoja tu pembeni mwa kadi, rangi nyekundu, njano au kijani, na kipimo kimoja kilichomfanya achague rangi hiyo. Ilijazwa. Na mpaka leo kila nikiona daftari la MTUHA, lile la takwimu za kituo, lenye tarakimu zilizopangana vizuri mno, nauliza kwanza ni nani anayezitumia tarakimu hizi hapa kituoni.

Baada ya hapo nikaenda kusomea ubingwa. Kwa wasiojua, fani hii kwetu ni changa. Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura katika hospitali ya umma hapa nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, mwaka uleule Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kufundisha mabingwa, na wa kwanza wakahitimu 2013. Kabla ya hapo sehemu nyingi palikuwa na chumba kilichoitwa "casualty", anapangiwa daktari mgeni au aliyekosana na mkubwa. Kusoma fani ambayo bado inajengwa kuna baraka yake. Walimu wangu walikuwa wakifundisha kutibu mshtuko, yaani mzunguko wa damu unaposhindwa, huku wakibishana na bohari juu ya kanula, wakiandika miongozo, wakiunda chama cha wataalamu, wakitetea nafasi za ajira. Hakuna aliyetuambia kwamba kutibu ni kazi moja na kurekebisha mfumo ni nyingine. Tuliviona vikifanywa na mikono ileile, asubuhi moja.

Shahada ya uzamili ya afya ya jamii niliisoma baadaye, na nashukuru ilikuja baadaye. Nikiwa darasani nilikumbuka hesabu za shule ya msingi, sehemu ina kiasi na asili. Daktari wa dharura anaishi na kiasi. Wanaletwa, anawahesabu, anachoka nao. Afya ya jamii ilinilazimisha kuuliza asili: kati ya wangapi? Wangapi waliumia wasifike? Wangapi walifia kwenye zahanati, au njiani, au nyumbani kwa sababu nauli ya usiku ilikosekana? Mgonjwa asiyefika hana kadi, haingii kwenye daftari lako, na mara nyingi ndiye aliyekuwa anakuhitaji kuliko wote. Ukitoka darasani na swali hilo moja limekaa moyoni, ada yako haikupotea. Ukitoka na programu za takwimu tu, nenda ukakae tena kwenye benchi.

Nitakupa mfano mdogo wa namna mambo hayo mawili yanavyokutana. Katika mji mmoja nilikofanya kazi tulibandika ukutani karatasi ya manila yenye ramani ya mji tuliyoichora kwa mkono. Kila majeruhi wa bodaboda tuliyemhudumia, akishatulia, tulimuuliza ameangukia wapi, tukaweka nukta nyekundu na saa. Haikuchukua muda. Njia panda moja karibu na gereji za malori ilijaa nukta mpaka tukakosa nafasi, karibu zote za kati ya saa moja na saa tatu usiku. Tulikwenda wenyewe jioni moja na askari wa usalama barabarani. Malori yalikuwa yameegeshwa kandokando bila taa, tela zimetokeza barabarani, kiza kitupu. Mwendesha bodaboda anayetoka kwenye mwanga wa mji haoni kitu mpaka kichwa kinagonga chuma. Malori yakahamishwa, matuta yakawekwa. Nukta zikapungua. Sitakwambia ni kwa sababu yetu peke yetu, maana ilikuwa pia miezi ya mvua na pikipiki za usiku hupungua, na hiyo ndiyo asili ninayoisema. Lakini kijana aliyepita pale salama hatamjua daktari wake kamwe, na ukiichagua kazi hii uwe tayari kwa hilo.

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia kuchota petroli, na moto ukaua zaidi ya watu 100. Wenzangu walipokea majeruhi kwa moyo wote na kwa ujuzi wote uliokuwepo nchini. Kila aliyehusika atakwambia kwamba kwa mwili ulioungua karibu wote, tiba inafika mwisho wake mapema. Dakika za kuokoa zilikuwa kabla ya moto, pale barabarani.

Vijana wengi wanadhani kurekebisha mfumo ni kuanzisha kitu kipya. Mara nyingi vitu vipo na havijaunganishwa. Tazama m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, wazazi na watoto wachanga. Mjamzito, mzazi au mtoto mchanga akipata dharura, inapigwa namba 115 bila malipo, mratibu anauliza maswali mafupi, anaita gari la wagonjwa, na likiwa mbali anampigia dereva wa kawaida wa jamii aliyesajiliwa, ambaye atalipwa kwa safari ile. Ulianzia kwa majaribio Kanda ya Ziwa, na tangu 2022 ukaanza kusambazwa nchi nzima. Magari yalikuwepo vijijini siku zote. Madereva walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kupokea simu saa nane usiku na uhakika kwamba dereva hatadai nauli kwa mama anayetokwa damu. Ninapoulizwa uvumbuzi ni nini, huo ndio mfano wangu.

Kwa upande mwingine, baada ya 2021, kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, hospitali zetu nyingi zilipata majengo ya huduma za dharura. Ni hatua kubwa na nilifurahi kwa dhati. Nimeingia katika baadhi ya majengo hayo. Katika moja, vitanda vilikuwa bado na nailoni, mitungi ya oksijeni imesimama bila kifaa cha kuunganishia, na mgonjwa mwenye kifua anahudumiwa kwenye chumba cha zamani kwa sababu muuguzi wa zamu ni mmoja na hawezi kugawanyika. Kwa hiyo ukifika mezani pa bajeti, tetea watu na vitu vidogo. Jengo lina watetezi wengi, lina jiwe la msingi na utepe wa kukata. Kifaa cha kuunganishia oksijeni hakina mtetezi ila wewe uliyemwona mtu akikikosa.

Ndiyo maana nasema jifunze fedha. Hakuna somo lililonisaidia zaidi na hakuna nililolikwepa zaidi. Jua kwamba hospitali ya halmashauri iko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na ya rufaa ya mkoa iko chini ya Wizara ya Afya, hivyo barua ileile kwa mlango usio wake italala mwaka mzima. Jua kwamba mwaka wa fedha unaanza Julai Mosi lakini mpango wa afya wa halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo ombi zuri linaloletwa Mei limeshachelewa. Kaa na mfamasia akuonyeshe jinsi oda ya Bohari ya Dawa inavyojazwa. Mnunulie mhasibu chai. Sisemi kwa hila, nasema kwa heshima: mhasibu wa hospitali aliyewahi kuonyeshwa trei ya dharura na kuelezwa kila kifaa kinamfanyia nini mtoto, hatakata mstari wa stripu za sukari kwa urahisi.

Kuhusu sheria na maazimio, zisome, lakini zisome kama zana. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na wenzetu wa Nairobi na Mombasa wanaweza kuisimamisha mahakamani. Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linalozitaka nchi zijenge mifumo ya huduma za dharura kwa wote, na Shirika la Afya Duniani limetoa mafunzo ya msingi ya huduma za dharura yanayomfaa hata tabibu wa kituo cha afya: kupumua kwa shida, mshtuko, kubadilika kwa fahamu, majeraha. Nimeyafundisha mara nyingi na nayapenda. Lakini nimejiwekea sharti. Sifundishi mahali ambapo kesho yake hakuna vifaa vya kufanyia nilichofundisha. Mtu akijua kabisa la kufanya halafu hana cha kufanyia, anaumia mara mbili, na baada ya muda anaacha kujali ili aweze kulala.

Mafunzo mengi yanafanyika kwa sababu bajeti ya mafunzo ipo, na posho yake inajulikana. Nalisema hili bila kumlaumu mtumishi anayesaidia familia kwa posho hiyo. Wewe unayepanga, jiulize kama siku tatu za ukumbini hazingekuwa bora zikageuzwa ziara tatu za kusimama bega kwa bega na wauguzi katika zamu yao wenyewe.

Usiache zamu. Wakubwa wa kazi watakwambia muda hautoshi, na ni kweli hautoshi. Mimi nimebaki na zamu moja kwa wiki, mara nyingine mbili kwa mwezi pindi safari zikizidi, na kila ninapoikosa kwa majuma kadhaa naanza kusema maneno yasiyo na mtu ndani: "kuimarisha", "kuwezesha", "wadau". Zamu inanirudisha. Juzi tu nilikuta kwamba utaratibu niliousifu kikaoni, wa kuandika rufaa kwenye mfumo wa kompyuta kabla ya mgonjwa kuondoka, unamchelewesha mjamzito kwa sababu umeme ukikatika nywila inabidi iombwe upya kwa mtu aliye nyumbani kwake. Hilo lisingenifikia kwa ripoti. Nililiona kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale, na mama amelala kwenye gari.

Mengine nitayasema haraka. Mshahara wa miradi ni mkubwa kuliko wa hospitali na mradi una mwisho, kwa hiyo usijenge nyumba juu ya mkataba wa miaka miwili. Andika, hata ukurasa mmoja kwa kila ulichojaribu, pamoja na kilichoshindikana, maana mwenzako wa Songea au Bungoma anakaribia kutengeneza ile fomu yangu ya kurasa mbili. Ukitoka naiti, lala. Mweleze mwenzi wako ulichokiona, si lazima kwa kina, lakini usirudi nyumbani kama ukuta. Na umtafute mtu mmoja mzima kuliko wewe, si lazima daktari, atakayekwambia ulipomwonea mtu.

Mwaka jana nilipita ile hospitali ya mwanzo, sikutoa taarifa. Mzee wa getini alikwisha kustaafu, na kijana aliyekuwa kwenye kibanda hanijui. Kengele ipo, kamba yake imebadilishwa. Nilijitambulisha, nikaomba kuingia chumba cha dharura. Trei ilikuwa mahali pake, juu yake pamebandikwa kipande cha plasta, na kwenye plasta kuna mwandiko wa muuguzi wa usiku nisiyemfahamu: "Stripu zimeisha saa 8 usiku. Nimeazima 10 wodi ya watoto. Nimemwambia mfamasia. Zikija zirudishwe kabla ya mchana."

Chini yake, kwa kalamu nyingine: "Zimerudishwa saa 5. Zimebaki 40."